Jengo si lako, shea ndio zako: hesabu za ubia wa jengo la ofisi

Ami yangu ana kampuni ya spea za magari, duka liko Mwembe Tayari miaka na miaka, na tangu nimalize kusomea uhasibu mimi ndio namtizamia vitabu vyake. Juzi kaja ofisini baada ya laasiri, mkononi ana makaratasi ya mwaka yametoka kwa odita, kaketi, kaagiza kahawa tungu na kashata mbili kwa yule muuza kahawa wa pale chini, alafu akaweka kidole juu ya mstari mmoja akaniuliza, "Hebu nambia mwanangu, hizi milioni saba na robo tatu zi wapi?"

Manake mstari ulikuwa unasema sehemu ya faida kutoka kwa ubia, Sh7,750,000, na yeye anajua vizuri alichoona benki kutoka kwa lile jengo la ofisi walilojenga na mwenzake mwaka mzima ni milioni 2 tu. Ushajua akili ya mfanyabiashara inapokwenda hapo. Alishaanza kumuangalia mbia mwenzake kwa jicho la pembeni.

Hakuna aliyeiba. Lakini kumweleza kulichukua kahawa tatu, na kwa vile naona watu wengi Mombasa sikuhizi wanachangia kujenga ofisi, huyu ana ploti yule ana pesa, nimeonelea niiandike yote. Namba nimezibadilisha zihesabike kwa urahisi.

Mambo yalikuwa hivi. Kampuni ya ami ilikuwa na ploti tupu si mbali na zile pembe za Moi Avenue, ilinunuliwa zamani na kwenye vitabu inasoma milioni 20. Valua (mpima bei za mali) akasema leo ni milioni 60. Mbia ni kampuni ya kutoa mizigo bandarini, hao wana pesa taslimu milioni 60. Wakaenda kwa wakili, wakafungua kampuni mpya, shea nusu kwa nusu, ami akatia ploti, mwenzake akatia pesa, ile kampuni mpya ikakopa milioni 80 benki, ikajenga ghorofa nne kwa milioni 140 (stampu diuti na mawakili nimezitia humo humo). Ploti 60 na ujenzi 140, jumla milioni 200. Wapangaji wakaingia.

Sasa ukimuuliza ami una nini, atakwambia nina nusu ya jengo. Na hapo ndipo makosa yanapoanzia.

Sisi watu wa pwani tungefaa tuwe wa kwanza kulielewa hili, sababu tumekua na nyumba bila shamba. Nenda Majengo, nenda Kisauni, utampata mzee ana nyumba ya Kiswahili vyumba sita, kuta zake, mabati yake, milango yake, wapangaji wake, lakini ardhi iliyo chini ya nyumba ni ya mtu mwengine na kila mwezi analipa kodi ya ardhi. Hakuna anayeshangaa. Kila mtu anajua kuna mwenye kuta na kuna mwenye mchanga, na ukitaka kununua unauliza kwanza, unaniuzia nini hasa? Basi uhasibu wa ubia unaanza na swali hilo hilo. Siku ami alipotia sahihi ploti ihamie kwa kampuni mpya, hati ikabadilika jina. Mwenye jengo ni kampuni. Deni la benki ni la kampuni. Mwenye kudai kodi kwa wapangaji ni kampuni. Alichobaki nacho ami ni shea, yaani haki ya kupata nusu ya kitakachobaki baada ya kila mtu kulipwa. Ni kitu kizuri, ila si jengo.

Kwa hivyo kanuni ya kimataifa ya uhasibu inayotawala mambo haya, IFRS 11, haikuulizi umetoa asilimia ngapi. Inauliza haki zako ziko juu ya nini. Lau ami na mwenzake wangeandikwa wote wawili kwenye hati moja, kila mmoja na nusu yake, bila kampuni katikati, na mkopo wamekopa kwa majina yao, hapo kila mmoja angeandika kwenye vitabu vyake nusu ya kila kitu: jengo milioni 100, deni milioni 40, nusu ya kodi, nusu ya mshahara wa askari, hata nusu ya dizeli ya jenereta. Huo unaitwa uendeshaji wa pamoja. Lakini ukishatia kampuni katikati na hio kampuni ndio imebeba mali na madeni, mara nyingi huo ni ubia wenyewe, na kwenye ubia huandiki nusu ya askari wala nusu ya dizeli. Unaandika mstari mmoja tu kwenye mizania (ile karatasi ya mali na madeni), uwekezaji katika ubia, na mstari mmoja kwenye faida na hasara. Basi.

Nimesema mara nyingi sababu kuna mikataba inayopenya lile pazia la kampuni. Odita mzuri atasoma sheria ya aina ya kampuni, alafu mkataba wa wabia, alafu aangalie hali ilivyo kwenye uhalisia, kwa mfano kama wabia wenyewe ndio wamechukua ofisi zote na wao ndio wanalipa deni kila mwezi kutoka mifukoni mwao. Hapo anaweza kusema hii kampuni ni ganda tu. Na kama jengo lingegawanywa kwa ile sheria ya majengo ya sehemu ya mwaka 2020, ghorofa mbili hati ya ami, ghorofa mbili hati ya mwenzake, basi hamna ubia kwenye hizo ghorofa, kila mtu na chake.

Kabla ya hapo lakini kuna mtihani mwengine, na huu watu wanauruka. Ili kiwe ubia, lazima usukani uwe wa pamoja, na uwe wa pamoja kwa mkataba si kwa mazoea. Maana yake maamuzi makubwa ya lile jengo, nani tumpangishe na kwa bei gani, bajeti ya mwaka, kukopa, nani atasimamia jengo, hayapiti mpaka wenye usukani wakubali wote kwa kauli moja. Mmoja akikataa, imekwama. Ndio wahenga wakasema manahodha wengi chombo huenda mrama, na ukisoma IFRS 11 utaona huo mrama ndio unaotafutwa: kama chombo hakiwezi kuyumba kwa mmoja wenu kukataa, basi nahodha ni mmoja na si ubia.

Asilimia zinadanganya hapa. Chukua watatu, 45, 35 na 20, na mkataba unasema uamuzi unapita kwa 75. Wa 45 na wa 35 wakiungana wana 80, imepita. Wa 45 na wa 20 wana 65, haijapita. Wa 35 na wa 20, 55, haijapita. Kwa hivyo njia ni moja tu, hao wawili wa kwanza lazima wakubaliane, wao ndio wana usukani wa pamoja hata kama neno hilo halijaandikwa popote. Wa 20 hana usukani, ana ushawishi tu, na kwake ile si ubia bali kampuni shirika, ingawa hesabu yake itafanana. Sasa badilisha iwe 40, 30 na 30 na uamuzi unapita kwa 70. Wa 40 anaweza kwenda na huyu au na yule, njia zimekuwa zaidi ya moja, hakuna usukani wa pamoja hata kidogo. Nshaona watu wanaandika ubia kwenye barua zao na vibao vya mlangoni, ukisoma mkataba mmoja wao ndie anayeamua kila kitu na yule mwengine ana haki tu ya kukataa jengo lisiuzwe. Hio ni haki ya kujikinga, haimpi mtu usukani. Yule anayeamua ana kampuni tanzu, na anatakiwa aandike jengo lote zima kwenye hesabu za kundi lake, deni lote pia, alafu aonyeshe sehemu ya mwenzake kando.

Tuliokaa kwenye kazi hii muda tunakumbuka zamani, chini ya kanuni iliyotangulia, IAS 31, hata kwa ubia wenye kampuni ungeweza kuchukua sehemu yako ya kila mstari ukaichanganya na vyako. IFRS 11 ilitoka Mei 2011, ikaanza kutumika Januari 2013, na ikaifuta njia hio. Ikabaki ile ya kanuni nyengine, IAS 28, njia ya ekuiti, ambayo mimi naiita njia ya mstari mmoja. Wenye majumba hawakufurahi wote, na sababu yao naiona. Kwa njia ya zamani mizania ya ami ingeonyesha deni la milioni 40. Kwa ya sasa deni halionekani, limejificha ndani ya mstari. Kampuni kubwa huko nje wanajua hilo na wanaonyesha njia mbili. British Land ya London kwa mfano ina majengo mengi kwa ubia, lile jengo la Leadenhall lililokamilika 2014 walikuwa nusu kwa nusu na Oxford Properties kabla halijauzwa 2017 kwa pauni bilioni 1.15 kwa CC Land ya Hong Kong. Hao kwenye ripoti zao wanatoa hesabu rasmi ya mstari mmoja alafu wanaongeza jedwali linaloonyesha sehemu yao ya majengo na madeni yote, msomaji ajionee. Ndio kazi ya maelezo ya IFRS 12 pia: kama ubia ni mkubwa kwako lazima useme una pesa ngapi, madeni gani, riba kiasi gani. Benki ya hapa ikija kukupima ikukopeshe, ofisa mwenye akili ataanza kusoma huko nyuma, hataishia kwenye mizania.

Turudi kwa ami. Siku ya kwanza anaandika ngapi? Yeye alidhani 60, na hata mimi ukiniamsha usiku wa manane naweza kusema 60. Kapewa shea za milioni 60, si ndio? Ploti ilikuwa 20, kwa hivyo kapata faida ya 40. Lakini fikiria kidogo. Nusu ya ile kampuni ni yake. Kwa hivyo nusu ya ploti amejiuzia mwenyewe. Hakuna mtu anayepata faida kwa kutoa pesa mfuko wa kushoto kutia mfuko wa kulia. Kwa hio kanuni inamruhusu kuonyesha faida ya ile nusu iliyoenda kwa mwenzake tu, milioni 20. Ile 20 nyengine anaikata kwenye uwekezaji. Kitabuni inaanza milioni 40, na ile iliyokatwa imejikalia mle kimya mpaka siku jengo litakapouzwa kwa watu wa nje.

Kilichomuuma ami si hicho. Kilichomuuma ni ushuru wa faida ya mtaji, ambao tangu Januari 2023 ni asilimia 15, na wenyewe haujui habari za mfuko wa kushoto na wa kulia. Serikali ilihesabu faida yote 40, ikataka milioni 6, taslimu, na ami hakuwa amepokea hata senti, amepokea shea. Ilibidi auze pikapu. Mtu akikwambia mimi nitatia ploti tu sina haja ya pesa, muulize pikapu anayo.

Haya, mwaka wa kwanza. Kodi iliyoingia milioni 26, hio ni bila VAT ya asilimia 16 sababu ofisi si kama nyumba ya kuishi, VAT inatozwa na inapelekwa KRA, watu wa ushuru, si mapato. Askari, lifti, usafi, maji, ushuru wa ardhi wa kaunti, milioni 5. Gharama za benki milioni 11. Zikabaki 10, ushuru wa kampuni asilimia 30 ni 3, zikabaki 7. Alafu akaja valua, akasema jengo sasa ni milioni 210. Kampuni ya ubia imechagua kupima jengo lake kwa bei ya soko kila mwaka, IAS 40 inaruhusu, na kwa njia hio kupanda kwa bei kunaingia moja kwa moja kwenye faida. Milioni 10, toa ushuru ulioahirishwa wa asilimia 15 utakaolipwa siku ya kuuza, 1.5, zinabaki 8.5. Jumla ya faida ya ubia milioni 15.5. Nusu ya ami ndio hio 7.75. Bodi ikatoa gawio (mgao wa faida kwa wenye shea) la milioni 4, nusu yake 2.

Nikamchorea nyuma ya bahasha. Ami, hizi milioni saba na robo tatu ziko mahali patatu. Milioni 2 ushazipokea. Milioni 1 na nusu imebaki kwenye kampuni, nyingi ilienda kupunguza deni la benki. Na milioni 4 na robo iko ukutani. Akauliza ukutani vipi. Nikamwambia ukutani, kwenye kuta za lile jengo, hazitoki mpaka jengo liuzwe, na zinaweza kurudi zilikotoka. Akanyamaza akanywa kahawa.

Kitabuni sasa inasoma 40, jumlisha 7.75, toa 2, milioni 45.75. Angalia lile gawio, haliingii kwenye mapato ya ami, linapunguza uwekezaji. Hii inawachanganya watu kuliko yote. Faida alishaiandika pale ubia ulipoipata, kwa hivyo pesa ikija ni kama kuchota kutoka kwenye mtungi, mtungi unapungua. Ukiandika gawio kama mapato tena umehesabu samaki mmoja mara mbili. Na KRA nao hawamtozi tena kwenye ile 7.75, kampuni ya ubia ishalipa ushuru wake, na gawio linaloenda kwa kampuni ya hapa yenye asilimia 12.5 ya kura au zaidi halitozwi.

Sasa ile 210 ya valua ilitoka wapi? Hapa ndipo ningependa kila mbia akae na valua wake kikombe cha chai. Kodi 26 toa gharama 5, jengo linaleta milioni 21 safi. Valua akasema mnunuzi wa ofisi mtaa ule angetaka asilimia 10 kwa mwaka, 21 gawanya kwa asilimia 10 ni 210. Sawa. Lakini mnunuzi akitaka asilimia 12? Milioni 175. Jengo ni lile lile, wapangaji wale wale, lifti ile ile inayokwama ghorofa ya pili, na milioni 35 zimeyeyuka kwa tarakimu moja kubadilika. Na Mombasa tunajua kinachoweza kuibadilisha. Treni ya SGR ilipoanza kubeba makontena kupeleka bara, kazi nyingi za kutoa mizigo zikaifuata huko, na mpangaji wa kawaida wa ofisi mjini ni nani kama si hao? Septemba 2022 amri ikatoka kazi irudi bandarini hapa. Mwenye jengo lililojaa maajenti wa mizigo bei yake inafuata siasa za bandari apende asipende, na mtu wa Moi Avenue hahitaji kuambiwa mara mbili. Kwa hio nyuma ya ripoti tafuta pale walipoeleza ile asilimia, na walipoeleza ikipanda kidogo itakuwaje. Kama hawakueleza, uliza.

Ubia ungeweza kuchagua njia nyengine, kuacha jengo kwa gharama na kulichakaza kidogo kidogo. Ujenzi wa 140 kwa miaka 40 ni uchakavu wa 3.5 kwa mwaka, na faida kabla ya ushuru ingekuwa 6.5 badala ya 20. Mimi binafsi kwa familia zetu hizi naipenda zaidi, haileti maneno ya milioni ziko ukutani. Na hata ukitumia hio lazima useme kwenye maelezo bei ya soko ni ngapi, kwa hivyo valua humkwepi. Kitu kimoja tu, sera ziwe moja: kama kampuni ya ami ina nyumba zake za kupangisha na inazipima kwa gharama wakati ubia unapima kwa soko, mhasibu wa ami inabidi azigeuze hesabu za ubia zifanane na zake kabla ya kuchukua nusu.

Kuhusu lile deni la benki, mbia wa ami hataki riba, kwa hivyo benki iliwapa musharaka inayopungua, kwenye karatasi benki ina fungu la jengo na kampuni inalinunua polepole huku ikilipa kodi ya fungu hilo. Ami akauliza, basi benki nayo ni mbia wa tatu? Kisheria ya dini sitaingia, kuna masheikh. Kwenye vitabu odita aliangalia: benki inabeba hasara jengo likishuka bei? Malipo si yamepangwa tangu mwanzo? Akaandika deni. Ndio lile lile la kuta na mchanga, jina halimalizi mambo.

Hasara nayo ina tabia yake. Tuseme miaka imepita, uwekezaji wako kitabuni umebaki milioni 5, na mwaka huu sehemu yako ya hasara ni 8. Unaandika 5, mstari unafika sifuri, unaishia hapo. Zile 3 unaziweka kwenye daftari la pembeni, na ubia ukipata faida mwaka ujao zinalipwa hizo kwanza kabla hujaanza kuandika faida tena. Inapendeza, ila kwa sharti. Ukiwa umeikopesha kampuni ya ubia pesa ambazo hamkupanga zirudi karibuni, hasara inaendelea kula mkopo huo. Na ukiwa umetia sahihi dhamana benki, basi sifuri si mwisho, unaanza kuandika deni. Hapa nikamuuliza ami, ulitia sahihi dhamana? Akasema kuna karatasi fulani wakili aliniletea dukani siku ya Ijumaa, watu wamejaa, nikatia tu. Nimemwambia ailete hio karatasi.

Na hata bila hasara, kama kuna dalili mbaya, ghorofa mbili tupu mwaka wa pili, mpangaji mkubwa kahama, lazima uwekezaji mzima upimwe kama kweli unaweza kurudisha kiasi kilichoandikwa. Usingoje odita akushike.

Mambo mengine kwa haraka. Mtu asiye raia wa Kenya akiwa na shea hata moja kwenye ile kampuni ya ubia, kampuni si raia tena machoni mwa Katiba, kifungu cha 65, na ardhi inakuwa ya kukodi, isizidi miaka 99. Familia nyingi hapa zina ndugu Muscat au Uingereza wenye pasi za huko, hilo liulizwe kabla ya kufungua kampuni. Kampuni ya ami ikitaka kupanga ofisi ghorofa ya chini, ilipe kama mpangaji yeyote na iandikwe wazi kwamba ni watu wa karibu, na ule mkataba wa kupanga unaingia kwenye vitabu vyake kwa IFRS 16. Wenye kampuni ndogo wanaotumia ile IFRS ya biashara ndogo na za kati wana nafuu, wanaweza kuchagua kuacha uwekezaji kwa gharama tu na gawio likija wanaandika mapato, stori imeisha. Ami hawezi sababu kampuni yake inatumia IFRS kamili. Na kuanzia 2027, IFRS 18, kanuni mpya ya kupanga faida na hasara, ikianza, ile sehemu ya faida ya ubia itakaa fungu la uwekezaji, haitachanganywa na faida ya kuuza spea, jambo ambalo mimi nalingoja kwa hamu manake ami anapenda kuzijumlisha akizungumza na benki.

Lililobaki ni tarehe. Kampuni ya ami inafunga vitabu Juni, ubia unafunga Desemba. Kanuni inaruhusu tofauti ya miezi mitatu isizidi, na hapa ni sita, kwa hivyo inabidi ubia utengeneze hesabu za ziada za Juni kwa ajili yetu. Nikampigia mhasibu wao, kijana muungwana, akasema hakuna neno, ila kazi hio ina ada yake, laki tatu, kampuni ya ubia italipa. Ami alikuwa anasikiliza simu ikiwa spika. Akahesabu kwa vidole.

"Kampuni ikilipa ni gharama ya ubia."

"Ndio ami."

"Na nusu yake inakuja kwenye ule mstari wangu."

"Ndio ami. Laki moja na nusu, kabla ya ushuru."

"Yaani nalipa nusu ya pesa ya kuambiwa zangu ziko ukutani." Akachukua kashata iliyobaki, akasema wakati wa kufunga duka umefika, na ile karatasi ya dhamana ataileta kesho.